Mahari Iliyoshuka kwa Asilimia Nne

Nchi yenyewe siitaji jina. Si kwamba naogopa. Kuitaja hadharani kuna ada yake, na nasikia ada hiyo imeshuka wiki hii, ila mimi si mjinga, nasubiri ishuke zaidi. Itoshe kusema kwamba nchi ipo, ina bendera, ina wimbo wenye beti saba, na ina Wizara ya Bei na Utulivu.

Mambo yalianza kwa ufuta. Nchi ile ilikuwa ikiuza ufuta ng'ambo, na mwaka ule watu wa ng'ambo wakaamua kwamba hawaupendi tena kama walivyokuwa wakiupenda. Bei ikaporomoka kwa nusu. Mkulima aliyezoea kuja mjini baada ya mavuno kununua bati, baiskeli na khanga za mkewe, mwaka ule hakuja. Mwenye duka la bati akaona siku zinapita, akapunguza bei amvute mteja. Wa khanga naye akapunguza. Muuza sabuni akaona wenzake wamepunguza, akapunguza na yeye, asije akaonekana ndiye mwenye roho mbaya mtaani. Kufika mwezi wa nne kila kitu kilikuwa kinashuka, na kila mtu alikuwa anashangaa jambo hili limetokea wapi.

Serikali haikushangaa. Serikali ilijua limetoka kwake.

Mheshimiwa Daktari Lumbanga, Waziri wa Bei na Utulivu, aliita mkutano katika uwanja wa mpira. Wakulima wa ufuta waliletwa kwa malori kuja kupiga makofi. Bajeti ya mafuta nayo ilikuwa imepunguzwa kulingana na hali, kwa hiyo baada ya mkutano malori yaliwarudisha nusu ya njia.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Waziri. "Mwezi uliopita mche wa sabuni ulikuwa fulusi kumi. Leo ni fulusi nane. Nani ameishusha?"

"Wewe!"

"Kilo ya sukari ilikuwa ishirini. Leo ni kumi na tano. Nani?"

"Wewe!"

"Na bei ya ufuta?" akauliza mkulima mmoja wa mstari wa mbele, mtu ambaye hakuwa na mazoea ya mikutano.

"Hiyo," alijibu Waziri bila kupepesa macho, "imeshushwa na maadui."

Makofi yakalindima. Siku ile ikatangazwa kuwa Siku ya Anguko Tukufu, na watumishi wote wa umma wakapewa fulana zenye mshale unaotazama chini.

*

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, nyuma ya soko la nafaka, kulikuwa na karakana ya seremala aitwaye Fundi Ngwali. Alikuwa mjane mwenye mikono mipana na maneno machache, na vitanda vyake vilisifika kwa kutolia. Aliwaajiri mafundi wawili. Hesabu, wateja na mdomo wa kuwakemea wateja vilikuwa kazi ya binti yake, Siwema, mwenye miaka ishirini na sita. Kila asubuhi Siwema aliandika bei za siku kwa chaki kwenye ubao wa mlango.

Siwema alikuwa amechumbiwa. Mchumba wake, Faraji Mkuti, alikuwa afisa wa mikopo katika Benki ya Umma, kijana mpole ambaye hata akikunyima mkopo ulitoka ukimwonea huruma yeye. Kwa desturi ya kwao mahari hutajwa na mwanamke mwenyewe, kwa kuwa ni haki yake, na Siwema alitaja fulusi elfu tatu. Upande wa pili ulikubali bila kunung'unika. Harusi ikapangwa Ijumaa ya pili baada ya mavuno.

Wiki hiyo hiyo alikuja mteja, karani mmoja wa ardhi, kutazama kitanda cha futi tano kwa sita. Alikigonga. Akakitikisa. Akavua viatu, akajilaza, akalala usingizi wa saa nzima, akaamka akiwa ameridhika kabisa.

"Kitanda kizuri," alisema akifunga kamba za viatu. "Ngapi?"

"Mia tano," Siwema alisema. "Wiki jana kilikuwa mia tano na themanini."

Karani akaziachia kamba. "Kwa hiyo wiki ijayo?"

"Nani ajuaye? Labda mia nne na hamsini."

"Basi nitakuja wiki ijayo."

"Na wiki hii utalala wapi?"

"Nimeshalala kidogo hapa," alisema, akaaga.

Wiki iliyofuata alirudi, kitanda kikiwa mia nne na hamsini. Akauliza kuhusu wiki ijayo, akalala kidogo, akaondoka. Hakuwa peke yake. Mji mzima ulikuwa umegundua kwamba mwenye kununua leo amejipunja. *Subira huvuta bei*, watu waliambiana, wakitikisa vichwa kwa hekima. Wenye nywele ndefu walisubiri kunyolewa. Mtu mmoja wa mtaa wa pili alikaa na jino bovu wiki sita, shavu likiwa kama embe, akifuatilia bei ya kung'oa kwa makini sana. Kuna familia iliyomwacha babu yao chumba cha maiti siku kumi na tisa ikisubiri sanda na jeneza vishuke; walipiga hesabu wakaona wamefaidi, maana na ada ya chumba cha maiti ilikuwa inashuka.

*

Alhamisi, siku moja kabla ya harusi, ilipigwa hodi nyumbani kwa Fundi Ngwali. Alikuwa Shangazi Mwanamkuu, aliyemlea Faraji tangu utotoni na ndiye aliyekuwa mshenga wake. Alivaa baibui jipya la mwaka juzi, na kwapani alibana gazeti la serikali.

Akakaribishwa, akakaa, akanywa kahawa, akaulizia afya za watu wote pamoja na waliokwisha kufa. Kisha akalifungua gazeti ukurasa wa tano, penye orodha ya wizara iitwayo Bei Elekezi za Juma.

"Fundi," alisema, "sisi si watu wa kubabaisha. Lakini na nyinyi msitufanye watu wa kuja. Someni wenyewe. Hapa, chini ya magurudumu ya mkokoteni."

Siwema akasoma. *Maharagwe, chini asilimia sita. Magurudumu ya mkokoteni, chini asilimia tano. Mahari, chini asilimia nne.*

"Serikali imepima mahari?" aliuliza Siwema.

"Serikali inapima kila kitu, mwanangu. Ndiyo kazi yake."

"Walimpima nani?"

"Ni wastani," alisema Shangazi, neno ambalo alikuwa amelipata njiani. "Sasa, kesho ndoa ingekuwa elfu mbili mia nane na themanini. Lakini kwa mwendo huu, tukivuta mpaka Ijumaa ya pili… Simaanishi ubaya. Haraka haraka haina baraka, nanyi mnajua."

Fundi Ngwali alimtazama binti yake. Binti alitazama ukuta. Harusi ikasogezwa wiki moja.

Wiki moja ikawa mbili. Mbili zikawa tano. Kila Alhamisi Shangazi Mwanamkuu alikuja na gazeti, akanywa kahawa, akasoma chini ya magurudumu ya mkokoteni, akasogeza. Mtaani, wasichana waliomwonea wivu Siwema wakati wa posa sasa walimpa pole kana kwamba amefiwa.

Tusimlaumu sana Shangazi. Marehemu mumewe alimwachia kiinua mgongo, akakiweka Benki ya Umma, na kwa miaka kumi na moja alikula riba yake bila kumsumbua mtu. Serikali ilipoona watu hawanunui, Gavana wa Benki Kuu aliamua kushusha riba ili watu wakope. Akaishusha mara moja, watu wakatulia. Akaishusha tena, wakazidi kutulia. Mwisho ilifika sifuri, na Gavana, ambaye alikuwa mtu asiyejua kurudi nyuma, akapitiliza. Ikawa mwenye kukopa mia anarudisha tisini na tano, na mwenye kuweka mia anakatwa tano za kuangaliziwa.

"Nilizipeleka benki zinitunze uzeeni," Shangazi alilalamika dirishani, akitoa kila kitu alichokuwa nacho. "Sasa mimi ndiye nizitunze wao?"

Akazishona ndani ya mto. Basi mwanamke ambaye hazina yake yote imo ndani ya mto, na hajui kesho ataongezewa na nani, akisikia elfu tatu inaweza kuwa elfu mbili, mnataka afanye nini?

*

Meneja wa Faraji aliwapanga maafisa wa mikopo mstari mmoja na kumkabidhi kila mmoja mkoba uliojaa noti. Amri ilikuwa fupi: asirudi mtu na fedha. Faraji akazunguka mji siku tatu. Wenye maduka walifunga milango walipomwona, kama zamani walivyomfungia mdai. Siku ya nne, kwa aibu kubwa, akaenda kwa baba mkwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja kusogeza?"

"Hapana, baba. Leo nimekuja kikazi. Naomba… naomba nikukopeshe."

Fundi Ngwali akaweka randa chini. Alikuwa peke yake. Mafundi wake wawili alikuwa amewaachisha kazi wiki iliyopita, na tangu siku hiyo hakuwa akila vizuri.

"Unikopeshe nini?"

"Elfu kumi. Utarudisha elfu tisa na mia tano."

"Hizo mia tano ni za nini?"

"Zako, baba."

"Kwa kazi gani?"

"Kwa kukopa tu."

Mzee akazunguka mkoba ule mara mbili bila kuugusa. "Kijana wangu, mtu akikupa shamba na jembe na kukulipa ulilime, jua pana maiti imezikwa humo. Halafu nikope ninunue nini? Mbao? Nitengeneze vitanda?" Akafungua mlango wa stoo. Vitanda kumi na kimoja vilikuwa vimesimamishwa ukutani kama watu waliokamatwa. "Hela siyo ninayoikosa, Faraji. Ninayemkosa ni mnunuzi. Unaye mkobani?"

Faraji hakuwa naye. Mshahara wake mwenyewe ulikuwa umekatwa kwa robo. Meneja alimweleza kwamba si hasara, kwani hata vitu vimeshuka.

Alipotoka alimkuta Siwema mlangoni, mikono kiunoni.

"Faraji, unanitaka hunitaki?"

"Nakutaka, Siwema. Mungu anajua."

"Lini?"

Faraji akahamishia mkoba mkono wa pili. Akaangalia chini. "Shangazi anasema tukivuka mwezi huu…"

"Sikumuuliza shangazi. Unajua yule karani anayekuja kulala kwenye vitanda vya baba?"

"Namjua."

"Tofauti yenu ni moja. Yeye angalau huvua viatu."

Akaingia ndani akifuta macho kwa upande wa khanga. Faraji alibaki ameshika mkoba ule ambao mji mzima ulikuwa umeukataa, akaona kwamba leo na yeye amekataliwa pamoja nao.

*

Asubuhi ya pili, Siwema aliamka mapema, akafuta ubao wote, akaandika kwa herufi kubwa:

MAHARI YA SIWEMA BINTI NGWALI. LEO: 2,000. KESHO: 2,200. KESHOKUTWA: 2,500.

Babake alipouona nusura adondoshe mswaki.

"Mwanangu! Unajiandika mlangoni kama kabati?"

"Waliniandika wao kwanza, baba. Gazetini, chini ya magurudumu. Mimi nimegeuza mwelekeo tu."

Habari ilimfikia Shangazi Mwanamkuu kabla ya saa tatu. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Mtoto anatishia nyau! Dunia nzima inashuka, yeye apande kwa ngazi ipi?" Akaendelea kuchambua mchele.

Kesho yake ubao uliandikwa 2,200. Shangazi hakucheka, alitabasamu tu. Lakini jioni alipita muuza nyama, mjane mwenye nafasi, akasimama mbele ya ubao kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma namba.

"Binti," aliuliza, "kupanda huku ni kwa wote, au kuna bei ya wateja wapya?"

"Bei ni moja," alijibu Siwema. "Ila kesho siyo hii."

Muuza nyama akasema atafikiria. Maneno hayo yalivuka mitaa mitatu kwa muda wa kuchemsha chai. Faraji aliyasikia akiwa kazini. Alisimama, akaacha mkoba wa benki juu ya meza, wazi, na inasemekana hakuna aliyeuiba. Alimkuta Shangazi jikoni.

"Shangazi, nataka kuoa kesho."

"Kesho ni elfu mbili na mia tano! Leo…"

"Hata ikiwa elfu tano. Nimengoja wiki sita nipunguziwe mia tano au sita, na karibu nimpoteze mwenyewe. Umenilea, sijawahi kukukatalia neno. Hili nakukatalia."

Shangazi Mwanamkuu akamtazama kijana huyo mpole kana kwamba amemwona leo. Kisha akaenda chumbani, na sauti ya mto ukichanwa ikasikika nyumba nzima. Saa kumi na mbili kasoro alikuwa mlangoni kwa Fundi Ngwali, viatu mkononi, akihema.

"Andikeni elfu mbili na mia mbili!" alipiga kelele kutoka barabarani. "Jua halijazama! Bado ni leo!"

Siwema alitoka. Alimwona Faraji nyuma ya shangazi yake, shati limemtoka, macho mekundu. Akauliza, "Unanitaka lini?"

"Sasa hivi," alisema Faraji.

Ndoa ilifungwa usiku huo huo baada ya sala ya isha. Shehe alisema hajawahi kuona bibi harusi aliyechelewa kwa wiki sita na bwana harusi aliyewahi kwa siku moja katika harusi moja.

*

Pale pale mtaani alikuwapo yule karani wa ardhi, aliyekuja kwa usingizi wake wa kila juma. Aliona ubao, aliona mwanamke mzima akikimbia peku kuwahi bei, na jambo fulani likamwingia.

"Fundi," aliuliza polepole, "na vitanda? Kesho?"

Fundi Ngwali alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuna kichwa tu. Karani akatafsiri anavyojua, akatoa fedha. Jirani yake akauliza kulikoni. Kufika kesho adhuhuri vitanda vyote kumi na kimoja vilikuwa vimeondoka, na mtaa mzima, kuanzia kinyozi hadi muuza maandazi, ulikuwa umeandika milangoni neno KESHO na namba kubwa mbele yake.

Ripoti ya siri ikaenda juu: *Watu wameonekana wakinunua. Sababu haijulikani. Tunaendelea kufuatilia.* Mheshimiwa Lumbanga alituma watu wakasome mlango wa karakana. Waliporudi akaagiza kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema redioni. "Serikali yenu sikivu imeamua. Kuanzia Jumatatu, bei za vitu vyote zitapanda. Nawaahidi."

Ilikuwa ahadi ya kwanza ya serikali ile kuaminiwa na watu wote, kwa sababu ilikuwa mbaya.

Mji ulifumuka. Mwenye jino aling'olewa mawili, moja la akiba. Babu akazikwa. Mashehe na mapadri walifungisha ndoa kwa mafungu, na mabwana harusi wawili waliobadilishana wake kwa bahati mbaya walisema hapana haja ya kurudia foleni. Ilipofika Jumatatu bei zikapanda kweli, na Fundi Ngwali akawarudisha mafundi wake wawili, akala chakula cha kushiba. Wizara ikakusanya fulana zote na kuzigeuza juu chini. Siku ya Anguko Tukufu ikafutwa, ikawekwa Siku ya Kupaa kwa Taifa.

Kwa miezi miwili nchi ilikuwa na raha. Ila mishahara iliyokatwa hakuna aliyekumbuka kuirudisha, na watu walioambiwa kwamba bei hupanda kila Jumatatu walianza kununua Jumapili, wenzao wakawawahi Jumamosi. Sukari ikafika arobaini. Gavana, yule yule asiyejua kurudi nyuma, sasa alipandisha riba mpaka Faraji akatumwa mjini tena, safari hii kuwanyang'anya watu mikopo aliyowabembeleza waichukue, na ambayo walianza kuipokea bei zilipopanda. Wanawake wakatoka na sufuria tupu, wakazigonga mbele ya wizara asubuhi nzima.

Waziri alifunga madirisha na kuuliza swali ambalo kila serikali huliuliza sukari ikipanda: ni nani huyo?

*

Siwema aliitwa mbele ya Tume ya Kuchunguza Chanzo cha Bei. Wajumbe walikuwa kumi na wawili, na mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Lumbanga mwenyewe, aliyejiteua ili kuondoa upendeleo. Faraji alizuiwa langoni kwa kuwa alivaa fulana ya mshale wa zamani. Siwema akaingia peke yake. Alikuwa na mimba iliyoanza kuonekana, na alikuwa amesikia habari za watu walioingia jengo lile wakatoka na majina mengine.

"Wewe ndiye uliyepandisha bei?" aliuliza mjumbe wa kwanza.

"Nilipandisha yangu tu, mheshimiwa."

"Kwa chaki?"

"Kwa chaki."

"Rangi?"

"Nyeupe."

"Andika: nyeupe," mjumbe alimwambia karani wa tume kwa sauti ya mtu aliyenusa damu. "Ulitumwa na nani?"

"Na shangazi wa mume wangu, kwa namna fulani."

"Una elimu gani ya uchumi?"

"Nina cheti cha ushonaji."

Wajumbe wakatazamana. Walikwisha kuwahoji wataalamu watatu wa uchumi asubuhi ile. Wa kwanza alisema bei zitapanda, wa pili alisema zitashuka, na wa tatu alisema atasema akishalipwa posho, kwa bei ya wiki ijayo.

Ndipo Mheshimiwa Lumbanga alipofanya jambo lisilotarajiwa. Aliwatoa wote nje isipokuwa karani, akavua miwani, na kwa mara ya kwanza akaonekana mtu mzima aliyechoka.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "wale wenye sufuria wako nje tangu alfajiri. Zilipokuwa zinashuka nilisema ni mimi. Zilipopanda nilisema ni mimi. Sasa wanataka niseme tena. Hebu nisaidie. Kesho bei zitakwendaje?"

"Sijui, mheshimiwa."

Kalamu ya karani ikasimama. "Hasemi?"

"Hajui," alisema Waziri taratibu, kama anayeonja chakula cha kigeni.

"Nilijua kitu kimoja tu," alisema Siwema. "Nilijua Faraji ananitaka na ana uwezo wa kulipa, ila anasubiri. Angekuwa hanitaki, ningeandika namba mpaka darini asingekuja. Na angekuwa hana, angekuja akalia tu. Hao walio nje, mheshimiwa, hawasubiri chochote. Hawana. Mlikata mishahara yao mkisema vitu vimeshuka. Vimepanda. Mbona mishahara haikuambiwa?"

Waziri akaandika jambo kwenye karatasi yake. Akafikiri. Uso ukamng'aa.

"Kwa hiyo," alisema, "unashauri tuitangaze mishahara kuwa itashuka Jumatatu, ili wafanyakazi wakimbilie kuipokea Jumamosi?"

Siwema alimwangalia. Akaona hapana haja.

Hukumu ilisomwa saa nane. Siwema alionekana hana hatia, kwa kuwa kumtia hatiani kungemaanisha kwamba bei zilipandishwa na mwanamke mwenye chaki wala si serikali. Alipewa onyo kwa kumiliki chaki bila leseni. Kuhusu jibu lake, tume iliona kwamba neno *sijui* halijawahi kutamkwa ndani ya jengo lile tangu lifunguliwe, na kwamba likizagaa linaweza kuvuruga imani ya masoko. Likapigwa muhuri wa SIRI, likafungiwa kabatini, na Siwema akaweka sahihi kwamba hatalirudia kwa miaka kumi.

Langoni Faraji alimkumbatia mbele ya askari, watu na sufuria.

"Wamekufanya nini?"

"Hawakunifanya kitu. Wamenichelewesha chakula."

Waliteremka pamoja mpaka kwenye kona, ambako mama mmoja alikuwa akichoma mihogo, akiipaka pilipili na ndimu. Siwema akaomba kipande. Mama yule, mwanamke mwenye huruma na mzoefu wa nchi ile, akamtazama tumbo, akamsogelea sikioni.

"Mwanangu, chukua vitano. Kesho vinapanda. Au kama unaweza, ngoja mpaka Alhamisi; kuna watu wanasema vitashuka. Wewe unaonaje?"

Siwema alikuwa amekwisha kutia sahihi, kwa hiyo hakujibu. Alinyoosha mkono, akachukua kipande kimoja, akakila pale pale kikiwa moto, macho yakimtoka machozi kwa pilipili, kwa sababu alikuwa na njaa.